Sura ya Saba: Aliyeshuka Ibra

Kahawa ya Hazim ilikuwa imeungua. Rawya aliinywa hivyo hivyo kwa adabu, kisha akakirudisha kikombe bila kukitikisa, ili amiminiwe tena. Alikuwa bado hajataka kuondoka.

"Bi Rawya, mie nakuheshimu," alisema Hazim, akijiweka sawa juu ya mto wake. "Umefanya kazi polisi, watu wa Ibra wote wanakujua. Lakini hili si jambo la polisi. Hili jambo la nasaba."

"Na nasaba ina mashahidi vilevile. Ndiyo kazi yangu siku hizi."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kweli. Tangu astaafu upelelezi, Rawya alikuwa akiwatafutia asili familia za Kiomani zilizorudi kutoka Afrika. Waliorudi walipata karatasi zao miaka ya sabini. Nyuma ya hapo hakukuwa na cheti cha kuzaliwa wala cha kifo, na mtu aliyetaka kumthibitisha babu yake ilibidi amtafute vinywani mwa watu. Vinywa hivyo vilikuwa vikipungua kila mwaka, na baadhi ya vilivyobaki vilisema uongo bila kupepesa macho.

Safari hii mteja wake alikuwa Maram, muuguzi wa Sur, binti wa Mzee Ishak aliyezaliwa Ujiji. Alikuwa ameposwa na Mahrous, mtoto wa marehemu kaka yake Hazim. Pande zote mbili zilikubaliana, ukumbi ukatafutwa, halafu Hazim akaenda kwa Sheikh Khalifa, mkubwa wa kabila la Bani Sidr, akaweka pingamizi. Alidai kwamba Ishak si mtu wa Bani Sidr, ila alijibandika jina la kabila aliposhuka kwenye ndege. Sheikh alitoa muda mpaka Alhamisi. Ushahidi usipopatikana, posa itarudishwa, na Maram atabaki na sifa ya binti aliyekataliwa kwa kukosa asili. Sifa hiyo ingemfuata yeye na wadogo zake mpaka uzeeni.

"Wao wanasema babu yao ni Sudi bin Mkadam wa Ibra," Hazim aliendelea. "Zein, vizuri. Sisi Bani Sidr wa Ibra tunajuana. Nimewauliza watu wazima wote, hakuna aliyemsikia. Kila aliyerudi kutoka bara anasema ametoka Ibra. Huko bara, yaani, mtu akivaa kofia keshakuwa Mwarabu."

Rawya alihisi masikio yakipata moto. Alisubiri yapoe kidogo ndipo akauliza.

"Na wewe ulizaliwa wapi, Hazim?"

"Unguja."

"Unguja si Afrika?"

"Unguja ni Unguja, Bi Rawya. Usinichanganye na watu wa Ujiji."

Kabla hajamjibu, sauti ya bibi mtu mzima ilipasuka kutoka upande wa wanawake. "Nani kaiunguza kahawa hii? Mnawapa wageni makaa? Hebu imwageni!"

Hazim aliinuka upesi akaufunga mlango wa ndani.

"Mama," alisema aliporudi. "Masikini, akili imeshamtoka. Hatambui mtu, wala hasikii unalomwambia."

"Lakini kahawa anaitambua."

"Lahdha tu, kitambo kidogo. Dakika mbili keshasahau."

"Basi niingie nimwamkie. Shikamoo tu, nitoke."

"Daktari amekataza wageni," alisema Hazim, na safari hii ni yeye aliyekichukua kikombe cha Rawya na kukiweka chini. Mgeni alikuwa anafukuzwa.

*

Rawya hakwenda mbali. Alikwenda kwa wakili wa falaji, yule msimamizi anayegawa maji ya mfereji wa kale katika mashamba ya mitende. Vyeti havikuwapo zamani, ila maji yalikuwapo, na kila ukoo wenye asili katika mji una zamu yake ya maji. Zamu hizo hujulikana kwa majina.

Wakili alikuwa mtu mkavu, mwenye haraka ya kurudi shambani. Rawya alimtajia Mkadam.

"Ipo zamu ya Mkadam," alisema wakili.

Rawya alitoa kalamu upesi. "Ya nani sasa hivi?"

"Ya mwenye duka la matairi. Kabla yake ilikuwa ya mtu wa Jalan Bani Bu Hassan. Usifurahi bure, Bi Rawya. Jina la zamu halibadiliki, hata ikiuzwa. Huyo Mkadam alikuwa mjini hapa kabla ya babu wa babu yangu, na hakuacha mtoto wa kiume. Mtu wako hana maji Ibra."

Njia hiyo ilikuwa imeziba. Makaburini alishapita asubuhi, akijua kuwa hatapata kitu, kwa kuwa kaburi la kizamani la Oman halina jina. Mwanamume huwekewa mawe mawili na mwanamke matatu, basi. Wafu wote wamelala sawa, wenye nasaba na wasiokuwa nayo, na walio hai ndio wanaotukanana juu yao.

Alipokuwa anafungua mlango wa gari, alimuuliza wakili swali moja zaidi, kwa mazoea tu ya polisi. Ukimpekua mlalamikiwa, mpekue na mlalamikaji.

"Na watu wa Hazim? Zamu yao inaitwaje?"

"Wanazo nyingi. Zote za kununua."

"Zote?"

"Baba yake alinunua aliporudi kutoka Zanzibar baada ya mapinduzi. Kabla ya hapo, mimi sijui. Muulize mwenyewe."

Rawya alisema ahsante, akaondoka akiwa na swali ambalo hakuja nalo. Hazim, mlinzi wa nasaba za Ibra, naye hakuwa na tone la maji ya asili Ibra.

*

Mzee Ishak hakuwa na hamu ya kuhojiwa. Alikuwa amekaa sebuleni kwake Sur, kiyoyozi kikinguruma, kanzu imenyooshwa kana kwamba anangoja kuitwa mahakamani. Alikuwa amefanya kazi ya umeme miaka yote tangu arudi, na nusu ya nyumba za mtaa ule zilipata taa kwa mikono yake.

"Mimi nina umri wa miaka sabini," alisema. "Baba alifia Ujiji akitaja Ibra. Nimerudi nchini kwangu, nimefanya kazi, nimesomesha. Leo mtu ananiuliza mimi ni nani! Na mimi namtafuta mpelelezi anisaidie kujibu! Bwana, haya ni matusi kabisa."

"Ni matusi, Mzee Ishak. Sibishi," alisema Rawya. "Lakini nataka tuyarudishe kwa mwenyewe. Nisaidie. Usiniambie kilichoandikwa kwenye pasi. Niambie marehemu alivyokuwa akisema. Maneno yake mwenyewe, hata ya upuuzi."

"Alisema ametoka Ibra."

"Alisema kwa nani?"

"Kwa watu. Wateja dukani, Wamanyema, Wahindi. Mtu akiuliza, 'Ibra.'"

"Na akikaa na ninyi watoto?"

Ishak alifikiri. Binti yake Maram alikuwa mlangoni, bado na sare ya hospitali, mikono ameikunja kifuani.

"Alikuwa na hadithi ya punda," Maram alisema. "Baba, ile ya ndimu."

"Aa, hiyo! Hiyo ya kuchekesha watoto." Ishak alilegea kidogo. "Alikuwa akisema, 'Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukishuka Ibra na mama, na ndimu zetu kavu. Tunalala njiani chini ya mwamba, asubuhi tuko sokoni. Kurudi ndiyo kazi. Punda anakataa kupanda, mama anamsukuma matako, mimi namvuta masikio.' Halafu anaigiza punda. Tulikuwa tukicheka mpaka basi."

Rawya aliweka kalamu chini.

"Mzee Ishak, Ibra umefika?"

"Mara nyingi."

"Mtu wa Ibra akienda soko la Ibra, analala njiani?"

Ishak alimtazama.

"Anashuka kutoka wapi?" Rawya aliendelea. "Mji wenyewe uko bondeni. Na punda, akishafika nyumbani Ibra, anakataa kupanda nini? Ngazi?"

Maram ndiye aliyesema. "Hakuwa mtu wa Ibra."

"Hapana. Alikuwa mtu wa milimani. Alitaja Ibra kwa sababu Ujiji nzima hakuna ambaye angekijua kijiji chake. Kila aliyesafiri alifanya hivyo. Unataja soko kubwa lililo karibu, watu wanaridhika. Baadaye mtoto anaamini, mjukuu anaandikisha, halafu tunakuja kuwauliza watu wa Ibra habari za mtu asiyekuwa wao. Hazim hajadanganya kwa hilo. Ibra kweli hawamjui."

"Sasa afadhali iko wapi?" aliuliza Ishak. "Milima yote ile!"

"Ndimu kavu, safari ya punda ya kulala njiani usiku mmoja, na Bani Sidr. Ukiyaweka pamoja hayo, unaingia milima ya Dima wa Tayyin. Bani Sidr huko wana kijiji kimoja tu, Sarut. Kesho nakwenda." Alisimama, kisha akasita. "Mama yake Sudi aliitwa nani?"

"Safa."

Maram alimsindikiza mpaka kwenye gari. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini hayakuwa ya mtu aliyelia. Yalikuwa ya mtu aliyekesha kwa hasira.

"Bi Rawya, Mahrous ananiambia tuoane tu, yeye hajali. Mie najali. Sitaki kuingia nyumba ya watu kama mtu aliyehurumiwa. Kila tukigombana, wataniambia walinichukua hivi hivi. Nitafutie huyo babu, au niirudishe pete mwenyewe."

*

Sarut ilikuwa na watu wachache na mbuzi wengi. Barabara ya lami iliishia bondeni, na gari likapanda kwa gia ya chini mpaka penye msikiti mdogo na birika la falaji. Wanaume wanne walimpokea Rawya kwa tende na kahawa, na hii haikuungua. Walizungumza Kiarabu cha milimani, kifupi na kizito. Sudi bin Mkadam? Walitazamana. Mkadam walikuwapo wengi. Sudi? Waliosafiri kwenda Sawahil, pwani ya Afrika, walikuwa wengi zaidi. Hapana, hawakumbuki.

Mpelelezi mgeni angefunga daftari. Rawya aliomba ruhusa ya kwenda kwa wanawake.

Hii ndiyo ilikuwa njia yake ya kazi, na wenzake wanaume kituoni waliicheka mpaka ilipoanza kufunga kesi. Wanaume hukumbuka baba za watu. Wanawake hukumbuka nani alinyonya kwa nani, kwa sababu walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani. Ukisahau jina la babu unaaibika, lakini ukisahau maziwa unamwozesha mtu dada yake. Kwa hiyo maziwa hayasahauliki. Mama humwambia binti, na binti humwambia wake za kaka zake, mpaka mwenye habari azikwe.

Bi Fawziya alikuwa mkubwa kuliko wote. Alikuwa anachambua ndimu juu ya jamvi, akitupa zilizooza kwa nguvu kama anayewakomesha. Rawya hakumtajia Sudi kabisa. Shahidi hatiliwi maneno mdomoni.

"Bibi," aliuliza kwa Kiarabu, "hapa Sarut aliwahi kuwapo mwanamke akiitwa Safa?"

"Yupi? Safa wa jiwe au Safa wa Mkadam?"

"Wa Mkadam."

"Nyumba yake ile." Bi Fawziya alionyesha kwa ndimu. Ilikuwa kuta mbili za udongo na mlango usio na paa. "Mwanawe alikwenda Sawahil, hakurudi. Mtoto wake wa mwisho alikufa mchanga, Safa akiwa bado amejaa maziwa. Wiki hiyo hiyo jirani yake akafa uzazini akaacha binti. Safa akamchukua, akamnyonyesha mpaka akatembea. Mama yangu alinihadithia ili tusije tukachanganya watu."

"Huyo aliyekwenda Sawahil alikuwa nani?"

"Sudi. Hakuwa na mwingine."

Rawya aliandika, mkono ukiwa umetulia kwa mazoea. "Na binti aliyenyonyeshwa, yupo hai?"

"Mahfoudha? Yupo. Aliolewa, akapelekwa Zanzibar, akarudi. Ukoo wake wote ulitoka hapa, ule ndio ua wao pale." Bi Fawziya alitupa ndimu nyingine. "Sasa wamekuwa watu wa Ibra! Hawapandi huku hata kuzika. Anakaa kwa mwanawe, tajiri. Anaitwa Hazim."

Rawya aliuliza tena jina hilo ili alisikie mara ya pili. Kisha alicheka, kicheko kibaya kisicho na furaha, na Bi Fawziya akamtazama kwa mashaka.

Hasira ilimjia baadaye, kwenye mteremko, na ilikuja nzima. Mama yake Hazim alipona kwa ziwa la bibi yake Ishak. Bila ya Safa, Mahfoudha angezikwa mchanga kando ya mama yake, na Hazim asingezaliwa Unguja wala popote. Na mtu huyo ndiye aliyekalia mito Ibra akiuliza watu wa Ujiji wametoka wapi!

Simu iliposhika mtandao alimpigia Maram akamweleza.

"Bi Rawya," Maram alisema. "Kama ni maziwa… mie na Mahrous si tumekuwa ndugu?"

Rawya alikwisha kuipiga hesabu hiyo mara tatu barabarani, maana ushahidi wa kuokoa posa ungeweza kuiua. "Mahfoudha ni dada wa kunyonya wa babu yako. Mahrous ni mjukuu wake, weye mjukuu wa Sudi. Watoto wa ndugu wanaoana, sembuse wajukuu. Mtulie. Ila baba yako yuko karibu zaidi. Yeye kwa Mahfoudha ni mtoto wa kaka. Ni maharimu wake: hawezi kumwoa, wala Mahfoudha hajifuniki mbele yake."

Alipokata simu ndipo alipojua atakavyofanya Alhamisi.

*

Hazim hakutaka kikao kifanyike nyumbani kwake. Rawya alimwambia Sheikh Khalifa kwamba shahidi wake ni mtu mzima asiyeweza kusafiri, na kwamba anakaa humo. Sheikh, mtu mpole wa Nizwa aliyechoshwa na kesi za aina hii, alivaa viatu akasema twendeni.

Walikaa barazani: Sheikh, Hazim, Mahrous aliyekuwa haongei, Ishak na Maram. Rawya alimwonya Ishak mapema. Ajibu atakachoulizwa tu, asiongeze neno.

"Mama haelewi kitu," alisema Hazim. "Huku ni kumdhalilisha mzee. Wallahi hii ni aibu."

"Aibu itajulikana ya nani," alisema Rawya. "Sheikh, naomba bibi aletwe, na naomba mtu yeyote asimweleze nani ni nani."

Mahfoudha aliletwa akiwa amemshika mkono Mahrous. Alikuwa mdogo wa umbo, shela yake nyeusi imemzunguka, macho yana ukungu lakini yanatafuta. Rawya alimwendea kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umepewa kahawa nzuri safari hii?"

Mahrous alitaka kucheka, akajizuia. Hazim alitazama zulia.

Sheikh Khalifa alisogea akasalimia, akanyoosha mkono. Mahfoudha aliuzungushia mkono wake ncha ya shela ndipo akampa, kama wafanyavyo wanawake wa zamani mbele ya mwanamume wa mbali. Sheikh aligusa kitambaa, akarudi kukaa. Rawya alimtazama mpaka alipohakikisha kwamba Sheikh ameliona jambo hilo.

"Sasa weye, Mzee Ishak. Mwamkie bibi."

Ishak alipiga goti mbele yake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mkono uliofunikwa ulijitokeza, ukangoja. "Sauti hii siijui. Wa nani weye?"

"Ishak. Mtoto wa Sudi."

"Sudi wengi, mwanangu. Sudi yupi?"

"Sudi bin Mkadam. Mama yake Safa."

Mkono ule ulibaki hewani. Kisha Mahfoudha aliifungua shela, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka kiganja kikatoka kitupu, kimekunjamana, kina hina iliyofifia. Alimshika Ishak mkono, akampapasa usoni, akamvuta kichwa akambusu utosini.

"Mtoto wa kaka yangu," alisema. "Ya Rabbi. Kaka yangu Sudi aliniacha natambaa, akenda, hakurudi. Mama Safa alimlia mpaka macho yakamtoka. Umekaa wapi siku zote hizi, baba?"

Ishak aliuinamia mkono wake. Mtu aliyewasha taa za mtaa mzima alikuwa analia kwa sauti mbele za watu, na hakujali.

Sheikh Khalifa alijikohoza. "Bi Mahfoudha, mtu huyu unampa mkono mtupu kwa nini?"

"Kwa sababu ni maharimu wangu, kwa nini tena! Nimenyonya kwa bibi yake. Ziwa hilo ndilo lililonikuza. Mie nisingekuwapo, na hawa wote wasingekuwapo." Aliupunga mkono kuelekea alikodhani Hazim na Mahrous wako.

"Bibi," Rawya aliuliza taratibu, "habari hii umewahi kumwambia mtu mwaka huu?"

"Nimemwambia Hazim. Alikuja kuniuliza tunawajua watu wa Sudi bin Mkadam, nikamwambia ndio watu wetu wenyewe, wa Sarut. Akaniambia, mama, basi nyamaza, usilitaje hilo jina tena. Akaufunga mlango. Tangu siku ile nafungiwa mlango kila akija mgeni. Nikadhani wamenichoka."

Mahrous alimgeukia baba yake mdogo, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Ami, ulijua?"

Hazim alirekebisha kofia yake. "Nilikuwa naangalia heshima ya nyumba," alisema. "Watu wa Ibra wakijua kwamba sisi… kwamba tulishuka na mbuzi… Nimekaa na wakubwa wa mji huu maisha yangu yote."

"Kwa hiyo wao wakakosa babu ili wewe usionekane una mbuzi," alisema Rawya. Alikuwa ameahidi kujizuia, akashindwa. "Umemfungia mama yako mlango! Umemtukana mtu kwa asili ambayo ni yako mwenyewe!"

"Khalas, Bi Rawya," alisema Sheikh, ingawa sauti yake haikuwa ya kumkemea. "Nimesikia. Ishak ni wa Bani Sidr, mtoto wa Sudi bin Mkadam wa Sarut. Kesho nitapeleka watu wachukue na kauli ya Bi Fawziya, wawe mashahidi wawili. Maziwa haya hayazuii ndoa ya vijana. Pingamizi limeanguka."

Mahrous alimtazama Maram. Maram hakumtazama. Alikuwa amesimama mbele ya Hazim, muuguzi aliyezoea kuwaamrisha wagonjwa wabishi, na mikono yake ilikuwa imekunjwa kifuani vilevile.

"Ami Hazim, miezi miwili baba yangu ameulizwa swali moja na kila mtu. Msikitini, arusini, mpaka kazini kwangu. Nataka na mie niulize mara moja tu. Nyie, asili yenu wapi?"

"Binti, yamekwisha," Hazim alinong'ona. "Sheikh ameshasema."

"Sheikh ametujibu sisi. Weye hujanijibu."

Hazim alimtazama Sheikh, Sheikh akatazama kikombe chake. Alimtazama Mahrous, hakupata msaada.

"Sarut," alisema.

Mahfoudha, ambaye alisikia harufu ya kahawa iliyoungua nyuma ya kuta mbili, aliinamisha kichwa mbele, kiganja chake kitupu bado kimemshika mtoto wa kaka yake.

"Sema kwa nguvu, mwanangu," alisema. "Si umewaambia watu kuwa sisikii?"